Tembea Kenya, sawa. Lakini ufuo wa Kisumu tutaupitia wapi?

Wiki mbili zilizopita rafiki yangu mmoja wa Kondele alinitumia tangazo kwa WhatsApp, na chini yake akaweka vikatuni vya kucheka. "Omera, hebu ona. Wazungu wanalipa ndio waende mguu!"

Tangazo lilikuwa la likizo ya siku saba katika pwani ya kusini mwa Ulaya. Kila siku mnatembea kilomita 10 hadi 15 kando ya bahari, jua likiwaka, kiongozi mbele, nanyi nyuma na chupa zenu za maji. Mizigo inabebwa na gari hadi mtakakolala. Mchana mnakula samaki katika kijiji cha wavuvi, jioni mnatazama jua likizama. Bei, bila tiketi ya ndege, ilikuwa inapita Sh150,000 ukibadilisha kwa pesa zetu.

Kusema ukweli, nilicheka. Mimi nimekulia Nyalenda, na huku kwetu anayeenda kwa miguu ni yule aliyekosa nauli ya tuktuk. Lakini kicheko kilipoisha nikalisoma tangazo mara ya pili, polepole. Jua? Tunalo hadi tunalikimbia. Maji? Ziwa letu ni la pili kwa ukubwa duniani miongoni mwa maziwa ya maji yasiyo ya chumvi. Samaki? Hilo usiniulize. Vilima, vijiji vya wavuvi, machweo ya kupiga picha? Vyote viko. Katika orodha nzima ya lile tangazo, kitu kimoja tu ndicho Kisumu hatuna: njia ya kupita.

Hilo ndilo nataka tuzungumze leo. Kila siku tunaambiwa utalii utawapa vijana wa eneo la ziwa kazi. Mimi nasema kazi hiyo ipo, na haihitaji hoteli ya ghorofa kumi wala uwanja mpya wa ndege. Inahitaji ufuo uliofunguliwa ili mtu yeyote aweze kuupita kwa miguu, na vijana waliofundishwa kuwaongoza wageni. La kwanza likikosekana, la pili ni ndoto.

Kumbuka ile kampeni ya Bodi ya Utalii ya kuwahimiza Wakenya wazuru nchi yao wenyewe. Iliitwa Tembea Kenya. Jina tamu kweli, kwa sababu kwa Kiswahili kutembea ni kuzuru na pia ni kwenda kwa miguu. Lakini angalia tulivyolielewa. Tukisikia Tembea Kenya tunawaza gari la kukodi, mafuta, na hoteli yenye kidimbwi cha kuogelea. Ile maana ya miguu tuliiacha barabarani. Matokeo yake kijana wa kawaida anaona utalii ni mambo ya wenye pesa, ilhali miguu anayo na ziwa liko mwisho wa mtaa.

Desemba iliyopita niliamua kujaribu. Nilitaka kutoka upande wa bandari hadi Dunga nikifuata maji, bila kuyaacha mbali. Si safari ndefu. Kwa barabara kutoka katikati ya jiji hadi Dunga ni kilomita nne hivi, mtu anayetembea pole pole anamaliza kwa saa moja na kitu. Nilibeba maji, nikavaa kofia, nikatoka mapema.

Sikufika mbali. Najua kuna sehemu ambazo haziwezi kuwa wazi kwa kila mtu. Bandari ni bandari, na hifadhi ya wanyama ina geti lake na ada yake, hilo naelewa. Lakini nilipotoka hapo nilikutana na ukuta mmoja, halafu mwingine, halafu seng'enge iliyoshuka hadi ndani ya maji. Kwenye geti moja nikamsalimia askari, nikamwambia nataka tu kupita kando ya ziwa nitokee upande wa pili.

"Wewe ni mgeni wa hapa?"

"Hapana, bro. Mimi ni wa hapa hapa Kisumu."

"Basi huwezi kupita. Huku ni kwa wageni."

Sikumlaumu, maana naye ni hasla kama mimi na amri hakuitoa yeye. Nilirudi barabarani nikala vumbi la bodaboda hadi Dunga. Njiani nikawa narudia lile jibu kichwani. Nimezaliwa hapa, lakini ili nilione ziwa la nyumbani ni lazima niwe mgeni wa mtu, au ninunue soda.

Sasa turudi kwa wale Wazungu tuliowacheka, kwa sababu kuna kitu ambacho tangazo halikueleza. Zile njia zao nzuri za ufuoni hazikushuka kutoka mbinguni. Matajiri wa Ulaya nao wanapenda ploti zinazogusa maji, na wangeachwa wangejenga hadi kwenye mawimbi. Kilichowazuia ni sheria.

Ufaransa ilipitisha sheria mnamo Desemba 31, 1976, inayomtaka kila mwenye ardhi inayopakana na bahari aachie ukanda wa mita tatu ili watu wapite kwa miguu. Nyingi ya njia hizo zilikuwa zamani za askari wa forodha waliozunguka wakisaka wafanya magendo. Leo mtalii anapita mbele ya majumba ya kifahari huko Antibes na Saint-Tropez, na mwenye nyumba hana la kusema. Uhispania ilifuata na Sheria ya Fuo ya 1988, ikaweka mita sita za kupitia. Ureno nako kuna Njia ya Wavuvi, inayopita Alentejo kuelekea Algarve kwa zaidi ya kilomita 200. Njia hiyo haikujengwa upya. Walichukua vijia ambavyo wavuvi walikuwa wakipita kwenda kuvua, wakaviwekea alama na ramani, wakaviunganisha. Watu wanatoka Ujerumani na Marekani kuja kufuata nyayo za mvuvi mwenye ndoana.

Hebu fikiria hapo. Vijia vya wavuvi! Sisi tuna vijia vingapi vya wavuvi kutoka Dunga hadi Luanda K'Otieno? Upande wa Kenya wa ziwa una ufuo wa mamia ya kilomita, unaopita kaunti tano: Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Kila alfajiri kuna mtu anaukanyaga akienda kwa mashua yake, na mama anaukanyaga akienda kununua omena. Njia ziko, ni vile tu hakuna aliyezihesabu kuwa mali.

Tena kwa upande wa sheria hatuanzi na mikono mitupu. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema mito na maziwa ni ardhi ya umma. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linazipa serikali za kaunti kazi ya kusimamia utalii wa mashinani, bustani za umma na fuo. Kwa hivyo hili si jambo la kungojea Nairobi. Shida ni kwamba Katiba imetupa ziwa, lakini haikutuandikia kwa mita, kama walivyofanya Wafaransa, tutalifikia kupitia wapi. Ziwa ni letu sote na geti ni la mtu mmoja. Bunge la kaunti lingeweza kuanza kulijadili pengo hilo kesho asubuhi.

Nikisema tuwe na matembezi yenye kiongozi hapa kwetu, sisemi mambo ya kufikirika. Wacha nikutembeze kidogo.

Siku ya kwanza mnaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale stesheni ya zamani. Kiongozi anawaambia kwamba reli iliyotoka Mombasa ilifika hapa Desemba 1901, na kwamba mji huu uliitwa Port Florence, jina la mke wa Preston, mhandisi wa reli. Kabla ya hapo wenyeji walikuja hapa kubadilishana bidhaa bila kumjua Florence yeyote. Mnafuata ufuo, mnapita hifadhi ya Impala, mnafika Hippo Point, na mkiwa na bahati mnawaona wenyewe wenye mahali, masikio na pua tu juu ya maji.

Halafu Dunga. Hapo ndipo mnasimama kwa muda. Kuna mafunjo, yale tunayoyaita togo, yanayosafisha maji machafu ya mji kabla hayajaingia ziwani na kuwapa samaki mahali pa kuzalia. Ndani ya mafunjo kuna ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye haishi kwingine ila kwenye mafunjo. Kuna watu duniani wanaopanda ndege ya saa kumi kuja kumtafuta huyo mmoja tu. Mimi nimeishi kilomita chache kutoka kwake, na hadi juzi nilikuwa sijui yupo. Aliyenionyesha ni kijana wa Dunga, kwa kidole, bila darubini, huku akinifundisha kuitambua sauti yake. Dunga tayari ina vijana na akina mama walioanzisha utalii wa jamii, na waliweka njia ya mbao ya kupita juu ya mafunjo. Kwa hivyo hata wa kutufundisha wapo.

Saa tatu jua linaanza kuuma, nanyi mmeketi kivulini. Mama analeta ngege aliyetoka majini asubuhi hiyo, ugali wa moto na osuga. Matembezi ya siku yameisha. Ndiyo, saa tatu! Anayesema Kisumu ni joto mno kutembea anawaza saa nane mchana. Hata huko kusini mwa Ulaya, Julai na Agosti wanaanza kutembea alfajiri.

Siku ya pili mnapanda matatu hadi Seme, kilomita 30 hivi kwa barabara ya Bondo, mnapanda Kit Mikayi. Mtasikia hadithi ya mzee aliyekuwa akienda kwenye mawe yale kila siku, hadi mkewe akaulizwa mzee yuko wapi, akajibu kwamba ameenda kwa mke wake wa kwanza. Kutoka fuo za Seme mashua inawapeleka kisiwa cha Ndere, mbuga ya kitaifa tangu 1986, yenye ukubwa wa kilomita nne mraba na kidogo. Pale unatembea kisiwa kizima kwa asubuhi moja.

Halafu mnashuka Luanda K'Otieno, mnavuka kwa feri hadi Mbita, mnaingia Rusinga. Kwa kisiwa kimoja kuna kaburi la Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi mnamo Julai 5, 1969, na kuna mahali ambapo Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mnamo 1948, nyani aliyeishi karibu miaka milioni 18 iliyopita. Mkiendelea kuna Mfangano, na michoro ya kale kwenye mawe yake. Mkirudi kwa upande wa Homa Bay mnapita Kendu Bay, mnalizunguka ziwa dogo la Simbi Nyaima kwa miguu. Wazee wanasema hapo palikuwa na kijiji kilichokuwa kwenye sherehe. Ajuza mmoja akaja usiku akiomba hifadhi, akafukuzwa, na kabla ya asubuhi mvua ikakizamisha kijiji kizima.

Nilipoisikia hadithi hiyo nikiwa mdogo niliogopa mvua. Sasa nikiikumbuka namuwaza yule askari wa geti.

Kila mahali nilipotaja hapo, mtu anaweza kufika peke yake kwa ramani ya simu. Lakini simu haitamwambia kuhusu mke wa kwanza wala ajuza wa Simbi. Haitamwambia asikanyage maji yaliyotulia karibu na matete kwa sababu ya kichocho, wala asisimame kati ya kiboko na maji jioni. Hiyo ni kazi ya mtu. Kwa Dholuo anayetangulia wenzake njiani huitwa jatelo, na ni neno lile lile tunalompa kiongozi wa watu. Tuna vijana wangapi waliomaliza kidato cha nne au hata chuo, wanaojua Kiingereza, Kiswahili na Dholuo, wanaolijua ziwa kama kiganja, na mchana kutwa wameketi kwa stendi ya bodaboda wakingoja abiria wa Sh50?

Hebu tupige hesabu. Hizi ni hesabu zangu za kwenye karatasi, usizinukuu kama utafiti. Chukua watu wanane wa kutoka Nairobi waliokuja wikendi. Kila mmoja alipe Sh1,000 kwa matembezi ya asubuhi pamoja na chakula. Hiyo ni Sh8,000. Mpe kiongozi Sh2,000. Mama wa samaki apate Sh3,200, yaani Sh400 kwa kila sahani. Mwenye mashua apate Sh1,500 kwa kuwazungusha kidogo. Inabaki Sh1,300, iende kwa BMU ya ufuo huo kwa usafi na kutengeneza njia. Watu wanne au watano wamekula halali kabla ya saa nne asubuhi, na hakuna aliyechukua mkopo. Mtaji mkubwa ulikuwa ni njia na mdomo unaojua kusimulia.

Najua wengine mnasoma hapa mkitikisa kichwa. Nimeyasikia maswali yenu na nitayajibu, kwa sababu mengine ni ya haki.

La kwanza ni usalama. Viboko wapo, mamba wapo, na wezi wa simu pia wapo. Ndiyo maana nimesema matembezi yenye kiongozi, si kila mtu ajiendee. Nchini Kenya mwongoza watalii anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na chama cha waongoza safari kina mitihani yake ya ngazi ya shaba, fedha na dhahabu. Kaunti ingeweza kuwalipia vijana 50 wa kwanza ada ya mafunzo na huduma ya kwanza. Pesa hizo ni kidogo kuliko za kununulia watu fulana siku ya kampeni. Na kuhusu wezi, njia yenye watu wengi ina macho mengi. Kinachowapa wezi nafasi ni ule uchochoro kati ya kuta mbili ambao tumeachiwa sasa.

La pili ni la wenye ploti. Wanasema walinunua ardhi yao kwa jasho na hawataki watu wapite uani. Sawa, sijasema wanyang'anywe. Hata Ufaransa mwenye nyumba amebaki na nyumba yake, ila mita tatu za kando ya maji zinapitika. Isitoshe ziwa lenyewe lina kumbukumbu. Mei 2020 maji yalipanda hadi yakavunja rekodi ya 1964. Yalimeza nyumba, mashamba na fuo, na waliojenga wakigusa maji ndio walioanza kulia. Anayeacha nafasi kando ya ziwa hamfanyii mpita njia hisani tu, anajiokoa mwenyewe.

La tatu ndilo linanisumbua zaidi, na nililisikia kwa mzee mmoja mvuvi pale Dunga. Nilipomweleza hili wazo langu, jaduong' alinisikiliza hadi mwisho, akiendelea kushona wavu. Kisha akaniuliza njia ikishapendeza, yeye atawekwa wapi. Sikuwa na jibu la haraka. Sote tunakumbuka Lwang'ni, vile vibanda vya samaki vilivyovuma nchi nzima, na jinsi vilivyobomolewa. Mara nyingi huku kwetu mahali pakisemwa pamependezeshwa, wa kwanza kuondolewa ni waliopafanya pakajulikana.

Kwa hivyo sharti langu ni hili: njia ya ufuoni isipite juu ya kichwa cha mvuvi. Mashua zikae mahali pake, omena ianikwe mahali pake, na BMU iwe na sauti kuhusu saa za wageni, idadi yao na ada yao. Huko Italia kuna vijiji vitano vya Cinque Terre vilivyopendwa hadi vikaanza kukosa hewa, na sasa watalii wanalipia kadi ya kupita kwenye njia kuu, pesa zinazosaidia kuzitunza. Sehemu moja ya njia zile, inayoitwa Njia ya Mapenzi, ilifungwa 2012 baada ya mawe kuporomoka na kuwajeruhi wageni. Ilichukua hadi 2024 kufunguliwa tena. Somo ni kwamba njia si kitu cha kukata utepe ukaenda zako. Inahitaji mwenyewe wa kuitunza kila siku, na huyo mwenyewe awe ni wanaoishi pale.

La nne ni lile la dharau: nani atalipa kutembea? Hapa nawajibu wenzangu wa rika langu moja kwa moja. Tumelelewa tukiona miguu ni alama ya kusota. Ukionekana unatembea kutoka Milimani hadi mjini, mtu anasimamisha gari akuulize kama kila kitu kiko sawa. Lakini wikendi tunalipia gym ili tutembee juu ya mashine isiyoenda popote, tukitazama ukuta. Nairobi vijana wanachanga pesa kila Jumamosi kupanda Ngong na Longonot, wanapiga picha, wanajibamba. Kwa nini waje Kisumu kulala tu hotelini na kula samaki, halafu warudi? Wape njia ya kutembea, watakaa siku tatu badala ya moja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni anayeshuka kwa gari ndani ya geti, akala ndani ya geti na kutokea kwa geti hilo hilo, amemponya nani?

Hata mji umeanza kutuonyesha kwamba inawezekana. Kabla ya kongamano la Africities kufanyika hapa Mei 2022, barabara kadhaa za katikati ya jiji ziliwekewa njia pana za watembea kwa miguu. Leo ukipita jioni utaona wapenzi, wazee na watoto wakipunga hewa. Hakuna aliyewafundisha. Walipewa mahali, wakatembea. Njia ile ingeendelea hadi kwenye maji, watu wangeifuata hadi kwenye maji.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, tuutembee ufuo wenyewe kabla hatujamuuzia mgeni. Chukueni wenzenu watano, tokeni asubuhi na mapema, mwende hadi pale mtakapozuiwa. Andikeni mahali hapo, pigeni picha ya ukuta. Msigombane na askari. Tukiwa na ramani ya kila mahali ufuo ulipozibwa kutoka Kisumu hadi Dunga, hakuna mheshimiwa atakayesema hajui.

Pili, tujitokeze kwenye vikao vya maoni ya umma. Mpango wa maendeleo wa kaunti unaotumika sasa unaishia 2027, na mwingine wa miaka mitano lazima uandaliwe. Vikao hivyo vikiitishwa, vijana huwa hatuendi, tunaviachia wazee na wanakandarasi, kisha tunalalamika Facebook. Twende tukadai jambo moja tu, kwa sentensi moja: kuwe na ukanda wa kupita kwa miguu kando ya ziwa, upimwe, uwekewe alama, usijengewe.

Tatu, Agosti 2027 wanaotaka kura zetu watakuja na helikopta na muziki. Kila mmoja aulizwe swali hilo hilo. Asituambie habari za bilioni. Atuambie mita. Ni mita ngapi za ufuo atazifungua, kutoka wapi hadi wapi, na kufikia lini?

Yule rafiki yangu wa Kondele nilimjibu baada ya siku mbili. Nilimwambia Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukutane stesheni, avae viatu vya kutembea, abebe maji na Sh400 za samaki. Aliuliza, "Na ni nani atatuongoza?" Nikamwambia nimeshapata kijana wa Dunga, yule wa ndege mwenye kifua chekundu, na tutamlipa.

Hakuweka kikatuni cha kucheka. Aliuliza tu kama anaweza kuja na dadake.